Mwaka Usioandikwa: Kupima Uwekezaji Ambao Mapato Yake Hayalingani

Mazungumzo na walimu wastaafu, Njombe



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya kikokotoo, na nimewasikia baadhi yenu mkiguna. Natambua kwamba neno hilo, kwa mtumishi wa umma aliyestaafu katika miaka hii, lina uchungu wake, kwa kuwa limekuwa jina la kanuni inayoamua ni sehemu gani ya mafao italipwa kwa mkupuo na ni sehemu gani itasubiri kila mwezi. Kikokotoo nilichokuja nacho leo ni kingine. Ni hiki kidogo kinachoenea kiganjani, chenye vitufe ambavyo mashine ya kawaida ya dukani haina, na kazi yake ni kujibu swali moja: fedha ninayoombwa kuitoa leo, je, inalingana na fedha ninayoahidiwa kuipata miaka ijayo?

Swali hilo huwa jepesi pale malipo yanapolingana. Mtu akikuahidi shilingi 200,000 kila mwaka kwa miaka mitano, hesabu yake inaweza kufanywa hata kwa kalamu. Lakini ni shughuli ngapi katika maisha yetu zinazolipa hivyo? Mparachichi haulipi mwaka wa kwanza. Ng'ombe hupumzika kutoa maziwa. Mashine huharibika. Fedha huingia kwa kusuasua, huongezeka, husimama, na mara nyingine hugeuka ikakudai. Leo nitazungumzia uwekezaji wa namna hiyo, na nitautumia mfano ulionikuta mimi mwenyewe, kwa kuwa katika mfano huo mimi ndiye niliyekosea.

Shangazi yangu alifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi. Alipostaafu, baada ya kuezeka nyumba upya na kulipa madeni, alibakiwa na fungu alilolitenga kwa ajili ya uwekezaji, nalo lilitosha jambo moja tu. Akanipigia simu. "Mwanangu," akasema, "wewe ndiye uliyesomea mambo ya fedha. Nina karatasi mbili mezani. Niambie niingie wapi."

Karatasi ya kwanza ilikuwa na rangi na picha za miti iliyostawi. Kampuni moja ilikuwa ikiwaalika watu wanunue sehemu katika shamba la parachichi. Mwekezaji anatoa shilingi milioni 10 leo, kisha milioni 1 ya matunzo mwishoni mwa mwaka wa kwanza, na milioni 1 nyingine mwishoni mwa mwaka wa pili. Mavuno yakianza, atapokea milioni 1.5 mwaka wa nne, milioni 3 mwaka wa tano, milioni 5 mwaka wa sita, milioni 7 mwaka wa saba na milioni 7.5 mwaka wa nane. Hapo mkataba unakwisha, na ardhi pamoja na miti vinabaki kuwa mali ya kampuni. Kwa herufi kubwa waliandika: WEKA MILIONI 12, VUNA MILIONI 24.

Karatasi ya pili ilikuwa ukurasa uliochanwa kwenye daftari. Mwanawe wa pili ana banda la kusaga na kukoboa nafaka sokoni, naye alitaka kuongeza mashine. Aliomba milioni 10, na kwa mwandiko wake akaeleza atakavyomrudishia mama yake: milioni 3 mwaka wa kwanza, milioni 3.5 mwaka wa pili, 3.5 mwaka wa tatu, laki 5 tu mwaka wa nne "kwa sababu injini itabidi ibadilishwe", 3.5 mwaka wa tano, na milioni 3 mwaka wa sita. Jumla milioni 17.

Ukitazama jumla peke yake, shamba linaleta faida ya milioni 12 na mashine milioni 7. Shangazi alikuwa ameshafanya hesabu hiyo kabla ya kunipigia. Alichotaka kutoka kwangu, nadhani, ni kuthibitishiwa.

Kosa la kutazama jumla ni kwamba linaichukulia shilingi ya mwaka wa nane kana kwamba ni shilingi ya leo. Tuseme una mahali salama pa kuweka fedha yako panapolipa asilimia 12 kwa mwaka. Milioni 1 ya leo itakuwa 1,120,000 baada ya mwaka mmoja, na 1,254,400 baada ya miwili. Mradi riba nayo irudishwe kazini, fedha hiyo itakuwa imeongezeka maradufu kwa miaka sita na ushei. Basi anayekuahidi maradufu baada ya miaka minane hajakufanyia hisani yoyote. Na ukiigeuza hesabu hiyo, milioni 7.5 itakayolipwa mwishoni mwa mwaka wa nane ina thamani ya 3,029,124 tu leo. Kila malipo yajayo hupunguzwa hivyo, yaliyo mbali yakipunguzwa zaidi. Kisha yote hujumlishwa na kutolewa kiasi ulichotoa. Kinachobaki huitwa thamani halisi ya sasa. Ikiwa juu ya sifuri, uwekezaji unakupa zaidi ya pale mahali salama. Ikiwa chini ya sifuri, unakupa pungufu, hata kama karatasi imejaa maneno ya kuvuna.

Kikokotoo kinafanya kazi hiyo yote kwa dakika mbili. Ninachokitumia ni BA II Plus cha Texas Instruments, ambacho wanafunzi wengi wa uhasibu wanacho. Ninabonyeza kitufe cha CF, kisha 2nd na CE|C ili kufuta hesabu ya mtu aliyenitangulia. Hatua hii ya kufuta msiipuuze, kwa kuwa mashine hizi hutunza tarakimu za zamani hata zikizimwa. Ninaingiza kwa maelfu ili tarakimu zisiwe ndefu: 10000, halafu kitufe cha kujumlisha na kutoa ili iwe hasi, kwa kuwa fedha hii inatoka mfukoni mwangu, kisha ENTER. Mshale wa chini unanipeleka kwenye C01, yaani malipo ya kwanza yajayo. Hapo ni 1000, hasi, ENTER. Mshale tena, na mashine inauliza F01: kiasi hiki kinajirudia mara ngapi mfululizo? Kwa kuwa mwaka wa kwanza na wa pili vinalingana, naandika 2. Naendelea hivyo hadi mwaka wa nane. Nikimaliza nabonyeza NPV, naandika kiwango, yaani 12, kisha ENTER, mshale wa chini, na CPT. Mwenye HP 12C atafika palepale kwa vitufe vya g na f. Tukimaliza nitamwonyesha atakayetaka.

Siku ile nilifanya hivyo nikiwa nimeketi kwenye daladala, na jibu likaja chanya: 1,060,345. Nikampigia Shangazi, nikamwambia kwamba shamba linaizidi asilimia 12 kwa zaidi ya milioni moja ya leo. Kesho yake akalipa shilingi 500,000 za awali, ambazo mkataba ulisema hazirudishwi.

Jioni ya siku hiyo nilirudia hesabu nyumbani, kwa desturi tu, nikapata jibu jingine. Nikarudia mara ya tatu. Kisha nikaifunua ile karatasi ya rangi na kuisoma polepole, nikaona kilichonipata. Jedwali lao lilikuwa na mstari wa mwaka wa kwanza, mstari wa mwaka wa pili, halafu mstari wa mwaka wa nne. Mwaka wa tatu haukuandikwa, kwa kuwa hakuna kinachotoka wala kinachoingia. Nami nilikuwa nikiingiza mistari kama ilivyofuatana, nisihesabu miaka. Mashine haijui mwaka. Inajua nafasi tu. Ilipokea milioni 1.5 katika nafasi ya tatu na kudhani inalipwa mwaka wa tatu, na mavuno yote yakasogea mbele mwaka mzima.

Ukiingiza sifuri mahali pake, kwa kuandika 0 na kubonyeza ENTER kama kiasi kingine chochote, thamani halisi ya sasa ya shamba ni hasi: shilingi 305,769 chini ya sifuri. Sifuri moja iliyosahaulika ilikuwa na uzito wa zaidi ya shilingi 1,366,000, na iligeuza ndiyo kuwa hapana. Kwa hiyo nawaomba, kabla hamjagusa kitufe chochote, chukueni karatasi tupu mwandike miaka yote kuanzia 0, mmoja chini ya mwingine, bila kuruka hata mmoja, ndipo mjaze fedha ubavuni. Mimi nilikuwa na shahada, na karatasi hiyo sikuiandika.

Kwa kitufe cha IRR, kikifuatiwa na CPT, mashine hutoa jibu la namna nyingine: kiwango ambacho uwekezaji wenyewe unalipa kwa mwaka. Shamba linatoa asilimia 11.53. Mashine ya kusaga, kwa tarakimu za lile daftari, inatoa zaidi kidogo ya asilimia 18, na thamani yake halisi ya sasa kwa kiwango cha 12 ni chanya, 1,783,627. Ile yenye jumla ndogo ndiyo iliyoshinda, kwa sababu inalipa mapema. Mkibonyeza IRR na mashine ikawaandikia Error 5, msiogope: kwa kawaida maana yake ni kwamba mmesahau kuweka alama ya hasi kwenye fedha inayotoka, na mashine imekataa kutafuta kiwango cha mtu anayepokea tu bila kutoa.

Kiwango hicho cha IRR kinapendwa sana na wauzaji, kwa hiyo kitazameni kwa tahadhari. Kwanza, hakisemi ni shilingi ngapi. Asilimia 40 ya laki moja haiwezi kukujengea choo. Pili, fedha ikitoka, ikaingia, kisha ikatoka tena, hesabu inaweza kuwa na majibu mawili yote sahihi, na mashine ikakuonyesha moja tu. Kama injini ya mwanawe Shangazi ingegharimu kuliko mapato ya mwaka ule, tungekuwa katika hali hiyo, na ningetegemea thamani halisi ya sasa peke yake. Tatu, kiwango kikubwa kupita kiasi chenyewe ni onyo. Wengi wenu mnaikumbuka DECI, ambamo watu walipanda "mbegu" za fedha wakiahidiwa kuvuna zaidi ya walichopanda, hadi Serikali ilipoingilia kati mwaka 2009. Fedha inayoongezeka maradufu kwa miezi minne ni sawa na asilimia 700 kwa mwaka. Kikokotoo kitakuandikia tarakimu hiyo bila kucheka. Hakina uwezo wa kumtambua mwongo. Anayekusanya fedha za watu wengi kwa ahadi ya faida, muulize kwanza kibali chake, na uende kuthibitisha kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana au kwa Benki Kuu, kwa kadiri shughuli yake ilivyo, usitosheke na nakala iliyobandikwa ukutani mwa ofisi yake.

Sasa mtaniuliza, hii asilimia 12 imetoka wapi? Hapo ndipo penye maamuzi, na hakuna kitufe cha kuyafanya. Mimi nilianzia kwenye hatifungani za Serikali za muda mrefu, ambazo Benki Kuu ya Tanzania huziuza kwa mnada na ambazo hulipa riba kila baada ya miezi sita. Mtu mwenye milioni moja anaweza kushiriki. Nimechukua 12 kwa ajili ya mfano. Ninyi tazameni matokeo ya mnada wa karibuni kabisa siku mtakapofanya hesabu yenu. Lakini hatifungani ni sakafu. Shamba hupatwa na ukame na magonjwa, na kijana anaweza kuugua au kuoa, kwa hiyo fedha inayokwenda huko inastahili kudai zaidi. Ukiipima mashine ya kusaga kwa asilimia 16, inabaki na zaidi kidogo ya 603,000. Ukiipima kwa 20, inaanguka chini ya sifuri kwa karibu 392,000. Shangazi, aliyemzaa kijana yule na kumlea, ndiye aliyejua ni kiwango gani kinamfaa, si mimi.

Kuna tahadhari moja ya kiufundi. Ikiwa fedha inaingia kila miezi sita, kila nafasi kwenye mashine ni nusu mwaka, na kiwango nacho lazima kiwe cha nusu mwaka. Asilimia 12 kwa mwaka si 6 kamili kwa nusu mwaka, ni 5.83. Na wanaotumia jedwali la kompyuta au simu wajue kwamba fomula ya NPV humo huchukulia kiasi cha kwanza kana kwamba kinalipwa mwisho wa mwaka wa kwanza. Fedha ya leo iachwe nje ya fomula, ijumlishwe pembeni. Ukiiweka ndani, shamba letu litasoma hasi 273,008 badala ya hasi 305,769. Alama haijageuka, lakini ni jibu la swali lisilo lako.

Narudi kwa Shangazi, maana nilimwacha akiwa amelipa 500,000.

Nilimpigia simu usiku uleule nikamwambia nimekosea. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Kwa kuwa hiyo laki tano imeshakwenda, je, sasa inaingia kwenye hesabu au haiingii?" Haiingii, walimu wangu. Fedha iliyokwisha kutoka na isiyorudi, uendelee au usiendelee, haina nafasi kwenye mashine. Mbele yake kulikuwa na milioni 9.5 tu ya kutoa. Nikaingiza 9500 badala ya 10000, na shamba likasoma chanya: 194,231.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wauzaji wa namna hii huharakisha sana malipo ya awali. Jana lilikuwa jambo baya. Leo, baada ya kulipa kidogo, kuendelea kumekuwa kwema kuliko kuacha na kununua hatifungani, na hesabu yenyewe ndiyo inayosema hivyo. Kama lile fungu lisingekuwa na kazi nyingine, ningemwambia aendelee, tena kwa moyo mzito, kwa kuwa mavuno yakichelewa mwaka mmoja tu ile 194,231 inageuka kuwa hasara ya zaidi ya milioni moja.

Lakini kazi nyingine ilikuwapo. Fungu lilitosha jambo moja, na mezani bado palikuwa na ukurasa wa daftari wenye 1,783,627. Tofauti kati ya njia hizi mbili ni 1,589,396. Unaweza kuipata pia kwa kuanza mwanzo, ukilihesabia shamba hasara yake kamili na kuitoa laki tano kwenye faida ya mashine. Tarakimu inayobaki ni ileile. Nilimfanyia kwa njia zote mbili, kwa kuwa baada ya kosa langu la kwanza alikuwa na haki ya kudai hivyo, na alidai.

Kisha tukaujaribu ule ukurasa. Mapato ya kila mwaka yakipungua kwa asilimia 10, inabaki 605,265. Yakipungua kwa asilimia 15, zinabaki kama shilingi 16,000, yaani hakuna kitu. Kwa hiyo Shangazi alijua kwamba anaweza kuvumilia kijana kukosea kwa sehemu moja katika kumi, asivumilie sehemu mbili. Pamoja na hayo, mimi niliuamini ukurasa ule kuliko karatasi ya rangi, kwa sababu ya ule mwaka wa nne. Mtu aliyeandika kwa hiari yake kwamba injini itaharibika na mama atapata laki tano tu, huyo ameifikiria kazi yake. Karatasi ya rangi haikuwa na mwaka mbaya hata mmoja, na mwaka usio na kitu iliuacha bila kuuandika.

Shangazi aliiacha ile laki tano. Alimwandikia mwanawe mkataba wa ukurasa mmoja, tarehe na kiasi cha kila mwaka vikiwamo, na mwenyekiti wa mtaa akashuhudia sahihi zao. Mpaka leo akinipigia simu juu ya fedha, hata ikiwa ni bei ya mbolea, huanza kwa kuniuliza kama nimeuweka mwaka wa tatu.

Vikokotoo sita viko kwenye meza ile ya nyuma, pamoja na karatasi tupu zilizopigwa mistari kuanzia mwaka 0 hadi mwaka 10. Waliokuja na mikataba yao wasogee mbele kwanza. Tutajaza kwa kalamu. Vitufe vitafuata baadaye.